Kuwinda kware jangwani Arizona

Mdogo wangu, umeuliza ujiandae vipi kwa vile mwenyeji wako wa Tucson, mji wa Arizona huko Marekani, amekulipia siku ya kuwinda kware na mbwa. Leseni ya mgeni kata mapema, bila hiyo usishike bunduki. Kisha shughulikia miguu. Kware wa kule, aina ya Gambel's, mvivu wa kuruka; huchanja mbuga kwa miguu, nanyi nyuma yake kwenye mawe na miiba. Tafuta buti ngumu Kariakoo, uzivae hapa Dar mpaka zikuzoee.

Mbwa akiganda ghafla, pua mbele, ujue amenusa kware; usimwite. Pita pembeni yake, mtutu juu. Kundi likiruka, chagua ndege mmoja. Anayeruka chinichini mwache, maana marisawa, zile risasi ndogondogo, yatampata mbwa, na hapo urafiki na mwongozaji umekwisha.

Joto la Dar lisikudanganye. Hapa jasho linakulowesha; kule linakauka papo hapo, hujui kama unaishiwa maji. Beba yako na ya mbwa. Na chanuo! Vipande vya kakati, mmea wa miiba wa jangwani, iitwayo cholla hunasa kwenye suruali, hata mdomoni mwa mbwa. Ukivuta kwa vidole vinahamia kwako. Chanulia mbali, miiba iliyobaki ng'oa kwa plaizi.