Safari ya Moshi Desemba: anza kuhesabu kutoka Januari

Kila Novemba ikiingia, wadogo zangu na wenzangu wa kazini huniuliza swali lile lile. Mnawezaje kupeleka familia nzima Moshi kila Krismasi, mkarudi bila kununiana na bila madeni? Jibu langu linaanzia mahali ambapo wengi hawaanzii. Linaanzia Januari.

Kabla sijawaza basi wala mbuzi, nachukua daftari na kuandika kila kitu kitakachonisubiri mlangoni tukirudi Dar: ada ya muhula wa kwanza, sare, madaftari, viatu, kodi ya nyumba kama mwenye nyumba wako anachukua ya miezi sita kwa mpigo, na chakula mpaka mshahara mwingine utoke. Maofisi mengi hulipa mshahara wa Desemba mapema ili watu wapate sikukuu. Ni jambo jema, lakini maana yake ni kwamba hela hiyo inatakiwa ikufikishe mwisho wa Januari, na hizo ni wiki tano au sita. Nikishapata jumla ya Januari, hela hiyo naitoa kwenye simu kabisa na kuilipia kinacholipika. Shule nyingi hupokea ada hata Desemba kabla hazijafunga. Kinachobaki ndiyo bajeti ya safari. Kikiwa kidogo tunakwenda kwa siku chache zaidi, au wanatangulia watoto na mmoja wetu. Nimeona familia zikianza na bajeti ya sherehe kwanza na kuiachia Januari kilichobaki, na ugomvi wa Januari katika nyumba hizo haumalizwi na picha nzuri za migombani.

Jambo la pili ni mazungumzo, na hayo yafanyike Septemba au Oktoba, wakati hakuna mwenye haraka. Mume wangu kwao Rombo, mimi kwetu Marangu. Ukiwaambia watu wa Dar wanasema ni hapo hapo, lakini mwenye wazazi pande mbili anajua uzito wa kuulizwa "mbona hamkulala hapa Krismasi?" Sisi tulikubaliana kwamba mwaka mmoja Krismasi ni Rombo na Mwaka Mpya Marangu, mwaka unaofuata tunageuza. Tukakubaliana pia kwamba mama zetu wawili wanapata kiasi kile kile na vitenge vya bei ile ile. Haya yote tunawaambia wazazi kwa simu mapema, tena kila mtu anawaambia wa kwake. Mkwe akisikia mpango kutoka kwa mwanawe anaupokea vizuri kuliko akiusikia kwa mkamwana.

Kwenye simu hiyo hiyo tunataja na hela. Najua wengi wanaona aibu kumwambia kaka aliyebaki nyumbani, "Mwaka huu tuna kiasi hiki, kisizidi." Semeni. Anayebaki kijijini naye anapanga, na asipojua uwezo wenu anapanga kwa kukisia. Sisi hutuma hela ya mbuzi mapema, kaka anamnunua na kumlisha bandani mwenyewe, kwa sababu bei ya mbuzi wiki ya Krismasi si bei ya Oktoba. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo haina njia ya mkato. Ndizi mbivu zinachemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo inapokuja togwa ya ulezi. Ukifika tarehe 23 ukasema unataka mbege ya tarehe 25, utanunua ya jirani, na jirani naye ana wageni wake.

Ukishahesabu nauli, mbuzi na sukari, usidhani umemaliza. Gharama zinazowashtua watu ni zile ambazo hakuna anayezitaja kabla. Kuna kikao cha ukoo, ambacho mara nyingi huwekwa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kwa sababu ndipo wote wapo, na hakimaliziki bila mchango: makaburi, njia ya gari, ada ya mtoto wa marehemu fulani. Kuna bahasha za harusi, ubatizo na kipaimara. Kuna mnada baada ya ibada, pale mkungu wa ndizi au jogoo aliyetolewa sadaka anapandishwa bei na macho yote yanawageukia waliotoka Dar. Mimi naupenda sana mnada huo na sitaki kuukwepa, kwa hiyo nauwekea fungu lake. Kuna wazee wanaopita asubuhi kusalimia, na hao hawaondoki mikono mitupu. Nabeba noti ndogo ndogo kutoka Dar, maana kutafuta chenji kwa wakala wa kijijini tarehe 24 ni kusimama foleni ya nusu siku.

Sasa barabara. Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 550, na basi linatumia saa tisa, kumi, au zaidi wiki ya sikukuu. Ukikata tiketi ya kwenda, kata na ya kurudi siku hiyo hiyo. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu watu wanaondoka Dar kwa makundi makundi kuanzia shule zinapofunga, lakini wanarudi karibu wote kwa pamoja, siku chache kabla na baada ya Mwaka Mpya. Nimewaona akina mama na watoto wamekaa juu ya mabegi stendi ya Moshi, wanazungushwa na wapiga debe wanaowatajia nauli ya kubuni. Tiketi nunua ofisi ya basi au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, uone jina lako, namba ya kiti, tarehe na kiasi ulicholipa. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, huweka nauli kikomo kwa kila njia. Itazame kabla hujatoa hela, na ukitozwa zaidi, tiketi yako ndiyo ushahidi wako. Wa Rombo, Mwika na Marangu tafuteni basi linalopandisha huko moja kwa moja kupitia Himo. Kushuka Moshi mjini usiku na watoto, kisha kutafuta gari la kurudi Himo, ni mateso yasiyo na sababu.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku. Kwa kijana anayesafiri peke yake ni sawa, anaokoa siku. Kwa familia yenye watoto bado nashauri basi la alfajiri, ila ukilipanda Stendi ya Magufuli kule Mbezi, na wewe unakaa Mbagala au Kigamboni, hesabu na safari ya kufika Mbezi. Ikiwezekana lala kwa ndugu anayeishi upande huo. Treni ya Moshi nayo ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya reli kukaa kimya. Inalala njiani, ni ya taratibu, lakini watoto wanatembea, hawatapiki, na mizigo inaingia. Kwa mwenye muda na bajeti ndogo ningemwambia aipande. Haisafiri kila siku, basi uliza ratiba ya TRC, Shirika la Reli, mapema.

Wenye gari binafsi, fundi mwoneni wiki mbili kabla, si siku mbili. Wiki mbili zinakupa nafasi ya kuliendesha gari mjini baada ya matengenezo na kugundua kama kuna kitu kimeachwa hakijakazwa. Breki, tairi pamoja na ile ya akiba, maji ya rejeta, waipa, pembetatu mbili, kizima moto, bima isiyokwisha katikati ya safari. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litataka kama lita 56 kufika Moshi tu, bado kupanda mlimani, mizunguko ya kusalimia na kurudi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo Desemba ikianza tu unaweza kupiga hesabu yako sawasawa.

Njia ya Kibaha, Mlandizi na Chalinze hujaa malori na foleni. Anayetokea Tegeta, Bunju au Mbweni apite Bagamoyo atokee Msata, ataikuta barabara kuu ya Segera mbele ya Chalinze. Sisi tunaondoka saa kumi na moja alfajiri na tuna makubaliano ya dereva: kupumzika Korogwe au Mombo, tena Same, hata kama hajachoka. Kuanzia Mombo mpaka Same milima iko kulia kwako, barabara imenyooka, joto linapanda, na hapo ndipo usingizi humshika dereva. Heshimu vibao vya 50. Faini ya 30,000 ni kitu kidogo ukilinganisha na watoto wa Hedaru na Makanya wanaovuka barabara kwenda dukani. Na usipange kufika siku yenyewe ya sherehe. Kama ibada ya mkesha ni tarehe 24 jioni, ondoka Dar tarehe 22. Mwenye siku moja ya ziada hana sababu ya kulipita lori kwenye kona.

Watoto wa Dar wafungashie sweta na viatu vya kufunga. Marangu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na mvua za vuli zikichelewa kuisha njia za vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, huteleza vibaya. Chakula cha njiani kiwe kikavu: viazi vya kuchemsha, mayai, chapati. Dawa za mtoto mwenye pumu au kifafa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye buti la basi. Waambieni pia watoto mapema kwamba kwa bibi kuna kazi za kuchota maji na kukata majani ya ng'ombe. Wanaoambiwa hawanuni.

Nyumba ya Dar mwachie mtu mmoja mwenye ufunguo, umtaje kwa jirani ili asishikwe kama mwizi. Maliza vilivyo kwenye friji, funga gesi, weka luku ya kutosha kama kuna taa ya nje inayobaki inawaka.

Kurudi, mwaka wa siku chache sisi tunaondoka tarehe 29 au 30, la sivyo tunakaa mpaka Januari 3. Siku zilizo katikati tunaziachia wasio na hiari. Asubuhi ya kuondoka mama atakuwa ameshafunga mikungu ya ndizi, maparachichi na kiroba cha magimbi, na hakuna namna ya kukataa, wala mimi sipendi mtu akatae. Uliza ofisi ya basi mapema mzigo huo unalipiwa shilingi ngapi, na hela yake iandike kwenye ile karatasi ya kwanza kabisa, pamoja na bajaji ya kutoka Mbezi mpaka nyumbani.