Maswali ya Wasomaji: Faili Zimekuwa Nyingi, Tuzipangeje?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Tuko waandishi wa programu 6 hapa Uyole, Mbeya, na tunatunza mfumo unaotumiwa na vyama vya ushirika vya wakulima wa parachichi wilayani Rungwe. Tulianza na faili 30, na sasa zimepita 900. Tumezipanga kwa aina: kurasa zote zina folda yao, majedwali yote yana yao, mahesabu yote vivyo hivyo, na ipo folda iitwayo "mengineyo" ambayo hakuna kati yetu anayejua vizuri kilichomo. Kubadili makato ya mkopo wa mbolea tu kunatulazimu kupita folda 5. Mwenzetu mmoja anataka tuandike mfumo wote upya. Je, ni lazima? Na tukihamisha faili, historia yake katika Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la faili, haitapotea?
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba. Si lazima kuandika upya, na mimi ningelipinga wazo hilo waziwazi, kwa kuwa masharti mengi yanayoonekana ya ajabu katika msimbo wa zamani yaliwekwa baada ya mkulima fulani kulipwa pungufu au kupimiwa mzigo mara mbili, na mkiyafuta mtayajifunza tena kwa hasara.

Tatizo lenu ni mpangilio. Mmefanya kama mwenye ghala aliyeweka magunia upande huu na madebe upande ule, bila kujali kama ndani mna mahindi, mbolea au saruji. Zipangeni faili kwa kufuata shughuli za ushirika wenyewe: wanachama, mapokezi ya mazao, pembejeo, malipo. Ndani ya folda ya pembejeo ukae ukurasa wake, jedwali lake, hesabu zake na majaribio yake, ili anayebadili makato asitoke humo isipokuwa kwa sababu ya msingi. Wazo hili si geni. Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alieleza kwamba mfumo ugawanywe kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila moduli, yaani kila sehemu ya mfumo, ikificha uamuzi wake, badala ya kufuata hatua za kazi. Tazameni pia msimbo wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanza mwaka 1991: mambo ya mtandao yamo katika folda ya "net", mifumo ya faili katika "fs", na ndani ya "fs" kila mfumo, kwa mfano ext4, una folda yake.

Kisha amueni nani anaruhusiwa kumtegemea nani. Malipo hayana budi kusoma mapokezi, maana mkulima hulipwa kwa kilo alizoleta. Lakini mapokezi yasiite chochote kutoka malipo. Yakianza kuitana pande zote mbili mtakuwa na mduara, na hapo folda zitabaki majina tu, kwa sababu hamtaweza kugusa moja bila kuigusa nyingine.

Kuhusu "mengineyo", kila faili inayotumiwa na shughuli moja tu irudishwe kwenye shughuli hiyo. Zitakazobaki, kama zile za kuandika tarehe na kiasi cha fedha, zipewe folda yenye jina linalosema kazi yake. Na kwa kuwa mnabadili majina, tumieni herufi ndogo tupu: kwa kawaida Windows huona "Malipo" na "malipo" kuwa faili moja, ilhali Linux huziona mbili, na kosa la namna hiyo hujificha kwenye kompyuta yako hadi siku mfumo unapowekwa kwenye seva.

Historia haitapotea mkiwa waangalifu. Git haiandiki popote kwamba faili imehamishwa. Hukisia kwa kulinganisha yaliyomo, na kwa kawaida huhesabu kuwa ni faili ileile ikiwa mfanano unafikia asilimia 50. Kwa hiyo hamisheni kwanza, mkirekebisha tu njia za faili, mhifadhi badiliko hilo peke yake, ndipo mrekebishe yaliyomo katika badiliko jingine. Baadaye amri ya "git log --follow" itawaonyesha historia ya faili hata kabla ya kuhama.

Anzeni na pembejeo, kwa kuwa ndiko kunakowaumiza, na msiguse folda nyingine hadi hiyo itulie. Kabla ya siku ya kuhamisha, kila mmoja aunganishe tawi lake, yaani mabadiliko anayoyafanyia kazi kando, kwenye tawi kuu, la sivyo mtashinda wiki nzima mkisuluhisha migongano.