Kuhusu Ile Picha ya Garimoshi

Shemeji, nimeusoma ujumbe wako katika kundi letu la familia, ule ulioniuliza mbele ya watu wote, baada ya kuiona picha yangu, kazi naifanya saa ngapi ikiwa kila mwezi naonekana matembezini, kisha chini yake ukaomba nikutafutie "nafasi kama hiyo". Dada zangu walicheka, na mjomba akaongeza kwamba mtu anayetalii namna hiyo hawezi kushindwa na mabati ya nyumba ya Mama kule Ahero. Nimekaa na maneno hayo siku nne. Leo sina zamu, basi nijibu.

Picha ile ilipigwa katika Makumbusho ya Kitaifa ya Reli, mjini York, huku Uingereza, ambako kiingilio ni bure, kwa hiyo hizo pesa za kutalii hazipo. Garimoshi la samawati lililo nyuma yangu linaitwa Mallard. Mwaka 1938 lilikimbia kilomita 203 kwa saa, na sifa hiyo haijanyang'anywa na garimoshi lolote la mvuke. Hayo niliyasoma kwenye kibao huku nikimpangusa mate kijana wa miaka 17 ambaye hamkumwona, kwa sababu nilimwondoa kwenye picha kabla ya kuituma. Huyo ndiye kazi yangu. Hutumia kiti cha magurudumu, hazungumzi, na shule yake ikienda matembezi haimchukui bila mimi, maana ni mimi ninayekifunga kiti kwenye sakafu ya basi kwa mikanda minne, ninayemlisha, na ninayembadilisha nepi msalani, kazi ambayo nusu saa kabla ya picha hiyo ilikuwa imenitoa jasho hadi mgongoni. Simdhihaki. Ana kicheko kizuri kuliko watu wengi wenye maneno mengi.

Kilichoniuma siku hiyo hakikuwa nepi. Mimi niliyewafundisha watoto wa kidato cha pili kwamba reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, nilikuwa nimeanza kumweleza kijana wangu habari hizo, kwa kuwa kusikia anasikia, mwalimu wao alipokuja akaniomba nisogee kando ili apige picha ya darasa. Alinipa na mkoba wake niushike. Hakuwa na nia mbaya, na labda ndiyo sababu sikupata la kumjibu. Dereva wa basi, mzee wa watu, aliona nimesimama na mikoba mitatu begani, akaniambia nami nipige yangu. Hiyo ndiyo mliyoiona.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara huku kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa, nanyi mnazidisha mnaona karibu shilingi elfu mbili, lakini chumba changu kinalipiwa kwa pauni hizo hizo, na nauli pia. Mwezi huu msiniombe chochote. Mabati yangoje.

Swali ambalo hukuliuliza, Shemeji, ni kwa nini mtoto ninayempeleka matembezini si wangu. Wewe ndiye unayenilelea binti yangu, na kwa hilo sina ulimi wa kukugombeza. Lakini ujue kwamba tangu tarehe 11 Machi 2024, anayekuja Uingereza kwa viza ya kazi ya ulezi haruhusiwi kuja na mume wala mtoto. Mimi nilifika Juni mwaka huo, na nikajiambia kwamba sheria zitalegezwa. Badala yake, tarehe 22 Julai 2025 walifunga kabisa uajiri wa walezi kutoka ng'ambo. Kwa hiyo yule wakala anayekuahidi kazi ya ulezi ukimpa pesa za shamba ni mwizi. Usimpe hata nauli ya bodaboda. Kaa Kisumu. Hapa mwezi Desemba jua hutua kabla ya saa kumi alasiri, na unaweza kumaliza juma zima bila mtu kukuita jina lako. Ila mdogo wako anayesomea uuguzi, akisajiliwa, mlango wake bado upo, naye asizubae. Mwambie anipigie, nitamwongoza hatua kwa hatua. Najua nimesema kaa, na sasa nasema aje. Yote mawili nayamaanisha.

Juzi, nikiwa nafungua ile mikanda ya kiti, kwenye simu iliingia picha ya binti yangu akiwa Nakuru na darasa lake, heroe wakionekana kwa mbali kando ya ziwa kama ukanda wa waridi. Niliitazama baadaye, nimejifungia choo cha wafanyakazi. Anatabasamu, amesimama wa pili kutoka kushoto, amevaa sweta niliyomnunulia soko la Kibuye wiki niliyoondoka, na mikono yake sasa inaishia karibu na viwiko. Nilikuza picha nikapima kwa vidole.

Shemeji, nimetuma shilingi 3,000 asubuhi hii. Mnunulie sweta nyingine, kubwa kidogo, na ile ya zamani msimpe mtu.