Maswali na Majibu: Kampuni Changa au Benki?

SWALI: Nimemaliza chuo mwaka jana, naandika programu. Kampuni changa ya watu 5 hapa Malindi, inayowauzia wageni nafasi za vyumba na boti, inanitaka. Benki moja ya Nairobi nayo imeniita. Cheo ni kilekile: msanidi programu. Je, kazi ni moja?
Msomaji, Malindi

JIBU: Si moja. Tuseme usiku mgeni amelipia chumba kwa M-Pesa, pesa imekatwa, lakini mfumo unaonyesha hajalipa. Mara nyingi taarifa ya malipo haikuifikia seva yenu, yaani kompyuta inayoendesha mfumo. Katika kampuni changa, simu utapigiwa wewe. Utafungua kumbukumbu za seva (orodha ya kila kilichotokea), utafute namba ya muamala, uthibitishe malipo na umjulishe mwenye hoteli. Kukicha utaandika msimbo, yaani maagizo ya programu, unaouliza hali ya muamala taarifa ikichelewa, na unaokataa kuingiza malipo yaleyale mara mbili taarifa ikirudiwa. Pengine hakuna atakayeukagua.

Benki hata seva hutaigusa. Utaandika rekebisho, mwenzako alikague, lijaribiwe na wapimaji, wahusika waidhinishe, kisha liingizwe usiku uliopangwa. Mistari 10 yaweza kukaa wiki 2. Inachosha, ila kosa dogo pale hugusa akaunti za watu wengi, na wakaguzi lazima waone nani alibadilisha nini.

Kwa mwenye uzoefu mdogo kama wewe, sisi tungeuliza kwanza: nani atausoma msimbo wako? Ikiwa hapo Malindi yupo msanidi mzoefu anayepitia kila badiliko kabla halijaingia, nenda bila wasiwasi. Utajifunza hifadhidata (ghala la taarifa za mfumo), seva na malipo kwa pamoja. Ukiwa peke yako, chagua benki, maana kosa lisilosahihishwa hugeuka mazoea.

Kabla ya kutia sahihi, waulize wa Malindi mishahara ya miezi mingapi ipo tayari, hasa kwa msimu wa mvua za masika baadhi ya hoteli zinapofungwa. Uliza pia kama nakala ya akiba ya hifadhidata imewahi kurejeshwa kwa majaribio. Nakala nyingi hugundulika ni mbovu siku taarifa zinapopotea. Wakikupa hisa badala ya sehemu ya mshahara, soma masharti: mara nyingi hugawiwa kidogokidogo kwa miaka 4, na ukiondoka kabla ya mwaka 1 hupati hata moja. Benki nao waulize utawekwa timu gani, na kama unaweza kuhamia nyingine baada ya mwaka.