Peptidi za maziwa na kalsiamu: kabla mama hajanunua ule unga

Dada, umeuliza kama ule unga wa peptidi za maziwa unaouzwa hapo Kampala utamsaidia mama yako kufyonza kalsiamu. Kwa ushahidi uliopo, mimi nisingemnunulia.

Wazo lenyewe lina msingi. Kaseini, protini kuu ya maziwa, ikimeng'enywa hutoa vipande vidogo, ndizo hizo peptidi, vyenye fosfeti vinavyoshika kalsiamu na kuizuia isigande ndani ya utumbo. Mwaka 1950 Msweden Olof Mellander aliripoti kwamba viliimarisha mifupa ya watoto wenye matege. Kwenye maabara na kwa panya, matokeo mengi yalivutia. Kwa binadamu ndipo mambo yanapokwama: majaribio kwa watu wazima mara nyingi hayakuonyesha tofauti ya maana.

Tena mama akinywa maziwa, tumbo lake linavitengeneza vipande hivyo lenyewe, bure. Glasi moja ya mililita 250 ina takriban miligramu 300 za kalsiamu, na mwili hufyonza kama theluthi. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku. Maziwa yakimsumbua tumbo, ajaribu bongo, yaani maziwa ya mgando. Mukene, wale dagaa wa ziwani, nao ni hazina, mradi awale wazima na mifupa yake. Dodo, yaani mchicha, ni mboga nzuri, ila oksaleti yake huishika kalsiamu isifyonzwe. Kwa hilo sukuma wiki ni bora zaidi.

Je, mama anatoka juani, au anashinda ndani? Vitamini D ndiyo inayofungulia kalsiamu mlango, kwa hiyo muulizeni daktari kuhusu hiyo kwanza.