Maswali na Majibu: Umelinganisha na Nini?

Nusu ya barua za safari hii zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: nilifanya hiki, kikafuata kile, je, hiki ndicho kilichosababisha kile? Nimechagua chache. Barua za "sayansi inasemaje kuhusu afya" nimeziweka kando. Swali lisilotaja kinachotakiwa kujulikana halijibiki.

Nilishikwa na mafua makali. Siku ya tatu nikaanza kunywa dawa ya majani niliyoelekezwa, siku ya saba nikawa mzima kabisa. Huo si uthibitisho?

Si uthibitisho. Swali hili huja kila mara, dawa ndiyo hubadilika tu, na safari hii naomba jibu lisomwe kabla ya kuulizwa tena. Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa siku saba hadi kumi, na mara nyingi huwa makali zaidi siku ya pili au ya tatu. Watu hutafuta dawa wanapozidiwa, yaani wakati uleule ambapo ugonjwa unakaribia kupungua. Chochote utakachokunywa siku ya tatu kitaonekana kimekuponya. Ungekuwaje siku ya saba kama usingekunywa? Hujui, kwa sababu hukuwa na wa kujilinganisha naye.

Mwaka 1747 daktari wa meli, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C), akawaweka mahali pamoja, akawapa chakula kilekile, kisha akawagawa wawili wawili na kila jozi akaipa tiba yake. Wawili walipewa siki, wawili maji ya bahari, wawili machungwa mawili na limau moja kila siku, na jozi nyingine tiba nyingine. Waliokula matunda walipata nafuu haraka kuliko wote, na mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini baada ya siku sita. Watu 12 ni wachache, lakini bila zile jozi tano nyingine, machungwa yangebaki kuwa dawa mojawapo tu kati ya nyingi zilizosifiwa. Na pamoja na hayo, jeshi la majini la Uingereza halikukubali kugawa maji ya limau kwa mabaharia wake hadi 1795. Ushahidi ukipuuzwa, watu hufa.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: dawa ya majani si salama kwa sababu tu ni ya majani. Mmea wenye nguvu ya kubadilisha mwili una nguvu ya kuudhuru pia, na unaweza kugongana na vidonge unavyomeza. Utaje mmea huo kwa daktari wako.

Niliota rafiki niliyepoteana naye miaka mingi, kesho yake akanipigia simu. Hii nayo ni bahati?

Ndiyo. Ukitaka kunipinga, weka daftari kando ya kitanda, andika kila ndoto na tarehe kabla hujagusa simu asubuhi, kwa miezi mitatu. Kisha hesabu zote, zilizotimia na zisizotimia.

Nimetengeneza mbolea ya maji kwa majani yaliyooza. Nataka kuijaribu: mche mmoja niupe mbolea, mwingine nisiupe. Inatosha?

Haitoshi, lakini wewe ndiye uliyeuliza vizuri kuliko wote, maana umeuliza kabla ya kufanya. Miche miwili ya mbegu za mfuko mmoja, ikimwagiliwa sawasawa, hutofautiana urefu hata bila mbolea yoyote. Ukiwa na mmoja kwa mmoja, hutajua unaona mbolea au unaona tofauti hiyo ya kawaida.

Panda makopo 20, ya ukubwa mmoja na matundu sawa chini. Changanya udongo wote kwenye rundo moja ndipo ujaze. Tia mbegu tatu kila kopo kwa kina kimoja, na zikiota bakiza mche mmoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakishaiona miche, huupa mbolea ule ulionona, pengine bila hata kukusudia. Yape makopo namba 1 hadi 20, andika namba hizohizo kwenye vikaratasi, vikunje, vichanganye, chomoa kumi. Hizo kumi ndizo zitapata mbolea, na huna ruhusa ya kubadilisha hata moja.

Kumbuka mbolea ya maji ni maji pia. Kopo la mbolea likipata nusu kikombe, lisilo na mbolea lipate nusu kikombe cha maji matupu, saa ileile. La sivyo utakuwa umejaribu umwagiliaji. Usiyapange makopo ya mbolea upande mmoja wa dirisha na mengine upande wa pili, maana mwanga hauyafikii sawa. Yachanganye, na uyahamishe nafasi kila baada ya siku tatu.

Kabla ya kuanza, andika utapima nini na siku gani: kwa mfano, urefu kutoka usawa wa udongo hadi ncha ya juu, siku ya 28. Usipoandika, urefu ukikuangusha utahesabu majani, majani yakikuangusha utapima unene wa shina, na katika vipimo vitano hakitakosekana kimoja kitakachokupendeza kwa bahati tu. Anayepima asijue kopo lipi lilipewa nini. Mkabidhi rula na namba, basi. Mche ukifa, andika kwamba umekufa na kundi lake. Usiufute kwenye hesabu kimyakimya, kwani huenda mbolea ndiyo iliyouunguza.

Mwisho, usitazame wastani peke yake. Panga vipimo vyote 20 kuanzia kifupi hadi kirefu, na kando ya kila kimoja andika kundi lake. Kama makundi yamechanganyikana kuanzia chini hadi juu, huna la kutangaza, hata kama wastani wa mbolea umezidi kwa sentimita moja. Kama karibu miche yote ya mbolea imekaa juu, rudia jaribio zima mara moja zaidi, ndipo umwambie jirani.

Nimetumiwa ujumbe kwamba kitu fulani kinaongeza hatari ya ugonjwa mara mbili. Niache kukitumia?

Mara mbili ya ngapi? Hatari ikitoka mtu 1 kati ya 10,000 ikawa watu 2, imeongezeka mara mbili. Ikitoka watu 1,000 kati ya 10,000 ikawa 2,000, hiyo nayo ni mara mbili. Ya kwanza isikukoseshe usingizi, ya pili ibadilishe maisha yako. Ujumbe unaotaja "mara mbili" bila kutaja mwanzo umeficha nusu ya habari, na usisambazwe. Nao ule unaosema "wataalamu wamethibitisha" bila kusema wataalamu gani, wala wapi walipochapisha, ufute.

Nilipimwa ugonjwa adimu katika upimaji wa jumla, sina dalili yoyote, na majibu yamesema ninao. Kipimo hukosea mara 5 tu kwa kila watu 100 wasio na ugonjwa huo. Basi nina uhakika wa asilimia 95 kwamba ninaumwa?

Hapana. Kosa hili linatesa watu wengi bila sababu, kwa hiyo tuhesabu taratibu. Tuseme ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 100, na kipimo hunasa wagonjwa 90 kati ya kila 100. Wapime watu 10,000. Wagonjwa ni 100, na 90 kati yao wataambiwa wanao. Wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao, yaani 495, wataambiwa wanao kwa makosa. Jumla ya walioambiwa wanao ni 585, na wagonjwa wa kweli ni 90 tu. Hiyo ni karibu asilimia 15. Wazima ni wengi mno, ndiyo maana kosa dogo kwao huzaa watu wengi kuliko wagonjwa wenyewe.

Lakini usichukue hesabu hii kuwa ruhusa ya kupuuza majibu. Kabla ya kipimo uwezekano wako ulikuwa asilimia 1, sasa ni 15, umepanda sana. Rudi ukafanyiwe kipimo cha pili, ikiwezekana cha aina nyingine, kwa sababu kilekile kinaweza kurudia kosa lilelile kwa sababu ileile. Na kama ungekuwa na dalili kiasi kwamba nusu ya watu wa hali yako huwa wagonjwa kweli, majibu yaleyale yangekupa karibu asilimia 95. Kipimo ni kilekile. Aliyepimwa ndiye tofauti. Daktari asiyekuuliza dalili kabla ya kusoma karatasi amekosea kazi.

Mwanangu nikimsifu kwa alama nzuri, mtihani unaofuata anashuka. Nikimchapa kwa alama mbaya, anapanda. Je, sifa zinamharibu?

Sifa hazimharibu, na fimbo haimsaidii kwa ushahidi huu. Alama za mtihani ni uwezo pamoja na bahati: maswali yaliyoangukia alichosoma, usingizi, afya ya siku hiyo. Alama ya juu kupita kawaida yake huwa imebebwa na bahati nzuri, na bahati hiyo haina sababu ya kurudi. Alama ya chini kupita kawaida vilevile. Kwa hiyo baada ya kilele hushuka, na baada ya shimo hupanda, hata ukikaa kimya. Francis Galton, mtafiti wa Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha kimo cha wazazi na cha watoto wao: wazazi warefu sana walizaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wao. Walimu wengi wameaminishwa na kupanda na kushuka huku kwamba ukali unafundisha. Weka fimbo chini. Andika alama kumi mfululizo, tazama mwelekeo wake, na uachane na mtihani mmoja mmoja.

Wanasayansi leo wanasema hivi, kesho vile. Kwa nini niwasikilize?

Kwa sababu wanasema waziwazi wanapobadilika na wanatoa sababu. Ila tenganisha utafiti mmoja wa jana na jambo lililopimwa na watu wengi kwa njia nyingi kwa miaka. Kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu hakujabadilika tangu ushahidi mzito uanze kuchapishwa mwaka 1950. Kinachobadilika kila wiki ni vichwa vya habari.

Lazima nijue hisabati?

Asilimia, uwiano na wastani. Anza na hizo.

Mimi hutofautisha maji yaliyochujwa na yaliyochemshwa kwa ladha tu. Mume wangu hakubali. Tufanyeje?

Vikombe 8 vinavyofanana, vinne maji ya chujio, vinne ya kuchemsha, yote yakae chumba kimoja usiku kucha ili joto lake lilingane. Hili mkilisahau mtakuwa mnaonja joto. Mtu wa tatu amimine ukiwa nje, apange kwa kupiga kura, aandike orodha na aondoke nayo chumbani. Akibaki, uso wake unaweza kukupa jibu hata kama hajakusudia. Wewe unajua tu kwamba ni vinne kwa vinne. Chagua vinne vya chujio.

Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya nane ni 70, kwa hiyo anayebahatisha hupata vyote mara 1 kati ya 70. Ukivipata vyote, mumeo akubali. Ukipata vitatu, bado hujathibitisha kitu: kupata angalau vitatu kwa kubahatisha hutokea mara 17 kati ya 70, karibu mara moja katika kila nne. Na idadi ya raundi mkubaliane kabla ya kuonja kikombe cha kwanza, asije mmoja wenu akadai nyingine kwa sababu ameshindwa.