Singa za Mkonge Zinapogeuka Kahawia Ndani ya Mashine

Sisi tunaochanganya singa za mkonge na plastiki huletewa malalamiko ya rangi kuliko ya jambo lingine lolote: mteja alionyeshwa sampuli ya rangi ya mchanga, akapokea mzigo wa kahawia wenye harufu ya sukari iliyoungua. Wengi huilaumu singa. Ushauri wangu ni kuanza na mashine.

Polipropilini, plastiki tunayoichanganya na singa, huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hadi 170, ilhali hemiselulosi, mojawapo ya viambato vya singa, huanza kuharibika joto likikaribia 200, kwa hiyo nafasi tuliyo nayo ni finyu. Isitoshe, namba ya kwenye paneli ni joto la silinda, yaani bomba la mashine, si la rojo lenyewe, yaani mchanganyiko ulioyeyuka, kwani skrubu inayolisukuma ikienda kasi msuguano huongeza joto lisiloonekana. Mimi hulikinga rojo linapotoka, nikalichoma kwa kipimajoto cha sindano kabla halijapoa, na likizidi namba ya paneli hupunguza kwanza mwendo wa skrubu. Ikiwa bidhaa haihitaji ugumu wa polipropilini, polithini nzito, inayoyeyuka karibu na nyuzijoto 130, itakupunguzia taabu nyingi.

Muda nao huchoma. Rojo lililokwama nyuma ya chujio au kwenye kona za kinywa cha mashine huendelea kuungua kama ukoko, na ndilo linalotoa michirizi myeusi katika bidhaa ambayo kwingine ni safi. Mafundi wakienda kula, mashine isiachwe na mchanganyiko tumboni. Isafishwe kwa plastiki tupu.

Singa yenyewe ina makosa mawili ninayoyakubali. Ikitoka korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, bila kuoshwa vizuri, hubaki na utomvu wenye sukari, ambao hugeuka rangi mapema. Pia hunyonya unyevu wa hewa, na pale Tanga wakati wa masika hilo si jambo dogo. Ikaushe kwa nyuzijoto 80 hivi, usiku kucha, wala usiongeze moto ili kuwahi, maana utaibadilisha rangi kabla haijaingia mashineni.

Wapo wanaotia masizi ili bidhaa yote iwe nyeusi. Sipingi, wateja wengine huipenda, lakini rangi hiyo haiirudishii singa iliyoungua nguvu yake. Kabla ya kutia masizi, vunja kipande na utazame mvunjiko: singa zilizokatika fupi, zikasagika vidoleni, zimeungua tayari.